Degania: Kisa cha Watu Waliokataa Kuhesabiana

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kuna kijiji kusini mwa Ziwa la Galilaya, pale Mto Yordani unapotoka ziwani, ambacho kwa miaka 96 hakikuwa na daftari la nani kafanya kazi kiasi gani na kwa hiyo astahili kupata nini. Mhasibu alikuwepo. Vitabu vya ng'ombe, vya migomba na vya mikopo viliandikwa kama kawaida. Kilichokosekana ni ukurasa wenye jina la mtu mmoja mmoja. Na mali haikupotea, iliongezeka. Halafu Februari 2007 wanachama wakapiga kura, na asilimia 85 wakasema ukurasa huo ufunguliwe.

Kijiji chenyewe ni Degania Alef, kilichoanzishwa Oktoba 1910, kibutsi cha kwanza kuliko vyote, yaani kijiji cha Wayahudi ambamo kazi, mali na mapato ni ya wote. (Neno ni la Kiebrania, lakini sikio la Kiswahili likilisikia linasema papo hapo: kibutsi, vibutsi, kama tulivyofanya na kitabu cha Waarabu. Sioni sababu ya kupigana na sikio.)

Maelezo mepesi ya kura ile ni kwamba ujamaa ulishindwa, wajukuu wakapenda pesa. Tatizo la maelezo hayo ni tarehe. Msukosuko mkubwa wa madeni uliovikumba vibutsi ulikuwa katika miaka ya 1980. Kura ikaja zaidi ya miaka ishirini baadaye, katika kijiji chenye maziwa, ndizi na kiwanda cha zana za almasi. Mwenye njaa ya jana haendi kupiga kura leo. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikiwasumbua, na ili kukiona inabidi turudi kwa wale kumi na wawili wa mwanzo.

Mwaka 1908 shirika la Kizayuni, la Wayahudi waliotaka kujenga makao ya taifa lao Palestina, lilifungua ofisi katika mji wa bandari wa Jaffa, wakati huo chini ya dola ya Waturuki, likamweka Arthur Ruppin aiongoze. Mwaka huohuo likaanzishwa shamba la mafunzo Kinneret, kando ya ziwa. Vijana waliotoka Urusi walilima, na juu yao kulikuwa na meneja. Mwaka 1909 wakagombana naye, wakagoma. Hawakugomea mshahara, waligomea kusimamiwa. Ruppin akaamua kujaribu jambo: akawapa watu saba eneo la Umm Juni, ng'ambo ya Yordani, walilime mwaka mzima bila msimamizi, wapate malipo madogo ya mwezi na sehemu ya faida. Mwaka ulipoisha, faida ikawepo. Wale saba wakaondoka, na mahali pao likaja kundi lililokuwa likiishi kwa kuchangia jiko na mapato huko Hadera: wanaume kumi na wanawake wawili. Hao ndio waanzilishi wanaotajwa, miongoni mwao Yosef Bussel, Joseph Baratz, Tanhum Tanpilov, Miriam ambaye baadaye aliolewa na Baratz, na Sarah Malchin.

Mambo mawili niyaseme hapa kabla sijaendelea. La kwanza, Umm Juni ni jina la Kiarabu, na vibanda vya udongo walivyoanza kulala vilikuwa vya Waarabu. Ardhi ilikuwa imenunuliwa kwa hati, lakini mwenye hati na mwenye kulima hawakuwa mtu mmoja, kama tunavyojua sisi tuliosoma habari za mashamba ya pwani. Msimamo wa vijana wale wa kufanya kila kazi kwa mikono yao uliwapa heshima machoni pao wenyewe, na papo hapo ulimfungia mlango kibarua wa Kiarabu. Usawa wao ulikuwa na ua, na nje ya ua hapakuwa na usawa. Hilo si tanbihi ya kisa, ni sehemu yake.

La pili ni dogo. Wimbi la wahamiaji lililowaleta lilichochewa na mauaji ya Wayahudi katika mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi, mwaka 1903. Mwaka uleule serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni fursa ya kuhamia nyanda za Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Wajumbe walikuja wakaikagua, na mkutano mkuu wao ukakataa mwaka 1905. Historia ingepinda kidogo tu, leo ningekuwa naandika kisa cha karibu na Eldoret.

Sasa tazama hali ya mwaka 1910. Watu kumi na wawili, wote vijana, hakuna mzee, hakuna mtoto, hakuna mgonjwa wa kudumu isipokuwa malaria, ambayo iliwagawia wote bila upendeleo. Bonde liko mita 200 hivi chini ya usawa wa bahari na joto lake la kiangazi halina utani. Kazi ni kulima kwa nyumbu na kuvuna nafaka. Dagan kwa Kiebrania ni nafaka, na kutoka hapo ndipo jina Degania. Baadhi yao walijuana tangu Romny, mji wa Ukraine walikotoka.

Katika hali hiyo daftari la nini? Anayetegea anaonekana: mfereji wake ndio huo, umeishia katikati. Hakuna haja ya kumwandika, macho ya kumi na mmoja yameshamwandika. Na hakuna cha kugombea, kwa kuwa wote wanahitaji vilevile: mkate, viatu, kwinini, kitanda. Wao wenyewe hawakujiita kibutsi. Walijiita kvutsa, yaani kikundi, na waliamini kikundi hicho lazima kibaki kidogo kama ukoo. Walipozidi, mwaka 1920 wakaanzisha Degania ya pili jirani, Degania Bet, badala ya kuivimbisha ya kwanza.

Kwa hiyo ningesema hivi: kilichoitwa usawa pale Degania kilikuwa zaidi kutohesabiana. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Usawa unaweza kulindwa kwa kipimo na mizani. Kutohesabiana kunataka jambo gumu zaidi, kwamba kila mtu aone kazi ya mwenzake na mahitaji ya mwenzake yasipishane sana na yake. Siku macho yakishindwa kuona, au mahitaji yakipishana, hesabu inaanza. Inaanzia moyoni, kabla haijafika kwenye karatasi.

Wa kwanza kuvuruga hesabu isiyoandikwa alikuwa mtoto mchanga.

Kulikuwa na wazo, lililopendekezwa kwa dhati kabisa, kwamba kwa miaka mitano mtu asioe wala asiolewe, ili shamba lisimame kwanza. Joseph na Miriam Baratz wakaoana hata hivyo. Mwaka 1912 kundi lilihama vibanda vya Umm Juni likaingia nyumba za mawe karibu na mdomo wa mto, na mwaka 1913 akazaliwa Gideon wao, mtoto wa kwanza wa Degania. Wa pili, aliyezaliwa mwaka 1915, alikuja kujulikana dunia nzima kwa kitambaa cheusi jichoni: Moshe Dayan, jenerali wa Israeli.

Miriam alikuwa mwanamke wa ng'ombe. Wanaume walitaka abaki jikoni. Yeye akaenda kujifunza kukamua kwa wanawake wa Kiarabu wa jirani, akarudi akiwa ameiva, zizi likawa lake. Alipojifungua hakukubali kuliachia, akawa anakwenda na kichanga zizini. Ndipo mkutano wa jioni ukapata hoja ambayo haijawahi kumalizika tangu siku hiyo: mtoto ni wa nani? Na anayemlea, je, anafanya kazi au amepumzika? Bussel alishikilia kwamba malezi ni jukumu la wote, gharama na mikono pia, na kwamba mama asilipie mtoto wake kwa kutolewa kwenye kazi za kijiji. Wakakubaliana hivyo. Hapo ndipo ilipoanzia njia iliyofika, katika vibutsi vingi vya baadaye, kwenye nyumba za watoto: watoto wakila, wakicheza na hata kulala pamoja chini ya walezi, wazazi wakikaa nao saa chache za jioni. Mtindo wa kuwalaza huko ulidumu miongo mingi, ukaachwa kijiji baada ya kijiji, na makombora ya Iraki katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991 yaliwamaliza wazazi waliokuwa bado wanasitasita.

Mimi hapa ndipo ninapoona ufa wa kwanza, na si kwa sababu ya watoto kulala wapi. Katika makundi ya mwanzo jiko na ufuaji havikuhesabiwa kuwa kazi yenye tija, kwa kuwa havikutoa gunia la ngano. Wanawake walipigana kuitoka ile hesabu kwa kukimbilia shambani na zizini. Walipata heshima, lakini jiko lilibaki, na vijiji vilipokua jiko, dobi na nyumba ya watoto vilijaa wanawake tena. Kwa maneno mengine, watu waliosema hatuhesabiani walikuwa wanahesabiana siku zote. Walikuwa na kazi za daraja la juu na za daraja la chini, ila hapakuwa na mahali pa kuziandika, na jambo lisiloandikwa ni gumu kulilalamikia.

Bussel alizama ziwani mwaka 1919. Mwaka 1921 Shmuel Dayan, baba yake Moshe, akaondoka na familia yake kwenda kuanzisha Nahalal, moshavu ya kwanza: pale kila familia ina shamba lake na kitabu chake, ushirika ni wa kununua pembejeo na kuuza mazao. Huwa inasemwa kwamba Degania ilibinafsishwa mwaka 2007. Mimi nadhani kura ya kwanza ilipigwa 1921, kwa miguu.

Baada ya hapo nitaruka miaka mingi. Wageni wa Degania huonyeshwa kifaru cha jeshi la Syria kilichokwamia pale Mei 1948, na ni kweli kina kisa chake. Lakini kwa mchambuzi wa maisha ya pamoja, birika la chai lina uzito zaidi ya kifaru.

Katikati ya karne iliyopita, vibutsi viligombana juu ya birika. Mwanachama akipewa birika la umeme na ndugu yake wa mjini, je, anaruhusiwa kuwa nalo chumbani? Unaweza kucheka, lakini hoja ilikuwa nzito. Akiwa na birika, atakunywa chai chumbani. Akinywa chai chumbani, haji ukumbi wa chakula jioni. Asipokuja, hajui fulani anaumwa, fulani kagombana na mkewe, fulani kafanya kazi ya wawili leo. Ukumbi wa chakula ndio ulikuwa daftari. Macho yalisoma pale. Na baada ya birika ikaja redio, kisha televisheni, na kila mara mkutano mkuu ulipiga kura ile ile kwa jina jingine, ukiruhusu kila mtu apate, ili asiwepo mmoja mwenye nacho.

Mgogoro mwingine ulikuwa mchungu. Miaka ya 1950 Ujerumani Magharibi ilianza kulipa fidia kwa walionusurika maangamizi ya Wanazi. Fedha ziliingia kwa jina la mtu. Kanuni ya kibutsi ilisema kila kinachomwingia mwanachama ni cha wote. Mtu ambaye kwao wamekufa wote anaambiwa atie mfukoni mwa kijiji bei ya mama yake. Wengine walitia, wengine wakaondoka, na vibutsi vingi vikalazimika kutafuta njia ya katikati, kiasi kidogo kwa mhusika, kingine kijengewe bwawa la kuogelea au ukumbi. Hapo kutohesabiana kuligongana na kitu ambacho hakigawanyiki.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshaanza kunusa harufu anayoijua. Uhusiano upo kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana na wanaushirika wa Tanganyika walipelekwa Israeli kujifunza, na wataalamu wa Kiyahudi walikuja kwetu, mpaka uhusiano wa kibalozi ulipovunjwa mwaka 1973. Lakini tusiharakishe kusema ujamaa vijijini ni mtoto wa kibutsi. Wataalamu wale mara nyingi walisafirisha moshavu zaidi, wakijua kibutsi hakihamishiki kirahisi. Kilichofanana kidogo na Degania kwetu kilikuwa Litowa, Ruvuma, ambako watu walianza wenyewe wakiwa wachache, wakalima pamoja na kugawana, na chama kikauvunja umoja wao wa vijiji mwaka 1969. Baadaye watu walihamishwa kwa malori. Shamba la ujamaa la kijiji cha kuhamishwa lilijaa watu waliojua kutegea, na si kwa uvivu: hukuchagua wenzako, huoni mazao yanakwenda wapi, kwa nini uache kuhesabu? Degania ilidumu kwa sababu mtu alipigiwa kura kuingia na aliweza kuondoka. Mlango wa kutokea ni muhimu kuliko tunavyodhani. Ndio huo huo uliokuja kuwamaliza.

Turudi kwenye msukosuko, kwa ufupi, kwa kuwa umeandikwa sana. Vibutsi vilikopa kujenga viwanda na nyumba wakati mfumuko wa bei ukiufanya mkopo kuwa kama zawadi. Mwaka 1984 bei zilipanda kwa takriban asilimia 445. Mwaka 1985 serikali ikaufunga mfumuko kwa mpango wa dharura, riba zikabaki juu, na madeni yakageuka kuwa milima. Makubaliano na mabenki na serikali yalichukua zaidi ya muongo. Mashine ya kuhesabu iliingia hapo: mita za umeme kwenye nyumba, bei ya sahani ukumbini. Visa vya kipindi kile vinasimuliwa mpaka leo, kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa nyumba ikiwa tupu, mbwa wanaolishwa kuku wa ukumbini. Mita ilipofungwa, viyoyozi vikanyamaza. Lakini aliyesimulia hivyo huona amethibitisha uroho wa binadamu. Mimi naona kitu kingine: watu walikuwa wameacha kuonana. Kijiji cha watu mia tatu si kikundi cha kumi na wawili, na hakuna jicho linalofika kwenye kiyoyozi cha mwenzako.

Jambo lililoamua, kwa maoni yangu, ni uzee. Kibutsi cha kale hakikumwekea mtu pensheni. Kingemwekea ya nini? Kijiji chenyewe ndiyo pensheni, na wale watoto wa wote watakuwa walezi wa wote. Ni hesabu ileile ya bibi zetu, mtoto ndiye kiinua mgongo, ila imepanuliwa kwa kijiji kizima. Inafanya kazi mradi watoto wabaki. Kuanzia miaka ya 1980 vijana wa vibutsi waliondoka kwa wingi, na mlango ulikuwa wazi. Wakabaki wazee waliofanya kazi miaka hamsini bila hata ukurasa mmoja wa kuonyesha wanadai nini, maana walijivunia kutodai.

Upande wa pili wa jedwali kulikuwa na wanachama wa makamo wenye kazi nje ya kijiji, mwalimu, mhandisi, mfanyakazi wa benki. Mshahara wao ulikwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kijiji, wao wakipewa posho kulingana na ukubwa wa familia. Bussel alipolima, jirani aliona. Mhandisi anayetoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda mjini hakuna anayemwona, isipokuwa hati yake ya mshahara. Na hati ya mshahara ni nini kama si ule ukurasa wenye jina la mtu mmoja? Ulikuwa umeshaingia kijijini miaka mingi kabla ya kura, katika bahasha ya mwajiri wa nje.

Ndiyo maana siiamini hadithi ya wajukuu wachoyo. Asilimia 85 haipatikani kwa vijana peke yao katika kijiji chenye wazee wengi. Mzee naye alikuwa na sababu ya kutaka maandishi: afadhali kudai kwa haki kuliko kusubiri hisani ya mtoto ambaye kesho anahamia Tel Aviv.

Walichokipitisha mwaka 2007, baada ya kipindi cha majaribio, ni hiki. Kila mtu anajitafutia kazi na anakula mshahara wake. Analipia umeme wake. Anakatwa kodi ya ndani inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, ili asiyejiweza asianguke. Nyumba itaandikwa kwa jina la anayeishi humo. Ardhi inabaki ya taifa kwa kukodishwa, mashamba na kiwanda vinabaki vya pamoja. Kisheria serikali ilikuwa imekwisha kuvitenga vibutsi mwaka 2005 katika mafungu, vile vya ushirika kamili na vile vinavyojifanya upya, na hili la pili ndilo lenye vijiji vingi leo. Kwa hiyo Degania haikuongoza, ilifuata. Gazeti lilipiga kelele kwa sababu ni mama wa vyote. Na jambo ambalo wapinzani hawakulitarajia ni kwamba vibutsi vilivyojifanya upya vilianza kupata familia changa tena, nyingi zikiwa za watoto waliokuwa wameondoka.

Kazi ngumu ilikuja baada ya kura, na huzungumzwa kidogo. Kugawa mshahara ni rahisi, mwajiri ameshauandika. Lakini nyumba na hisa za mali zilizojengwa kwa karne nzima zigawanywe kwa kipimo gani? Tija haikuandikwa. Nani alikamua ng'ombe wangapi, nani alifua mashuka ya nani, nani alilea watoto wa nani usiku, hakuna karatasi. Vibutsi vinavyojifanya upya vimetumia kipimo kimoja tu kilichopatikana: miaka ya uanachama. Unahesabiwa tangu ulipopokelewa mpaka leo, dobi na mkurugenzi wa kiwanda kwa mizani ile ile, mwaka kwa mwaka. Yule mama wa jikoni aliyekaa miaka hamsini anampita mhandisi wa miaka ishirini.